Masanduku Yenye Majina: Kwa Maseremala wa Erdővidék

Kitanda kile hakilaliwi na mtu. Kimesimama kwenye kona ya chumba cha mbele, kimepakwa buluu iliyokoza, na juu yake mito imepandana hadi inakaribia kugusa boriti za dari, kila foronya ikiwa imetariziwa kwa uzi mwekundu. Mama mwenye nyumba aliinua ncha ya shuka nione ubavu wake: jagi lenye mashikio mawili, matawi yanayochomoza humo kushoto na kulia, tulipu, mawaridi, na katikati herufi mbili pamoja na mwaka, 1861. Kisha akamwita bintiye washikane, wakakisogeza kitanda kutoka ukutani ili nione na upande wa nyuma. Huko hapakuwa na ua hata moja. Ubao mtupu, na mistari ya randa ikionekana waziwazi.

“Ukuta hauna macho,” binti alinitafsiria maneno ya mama yake. “Na rangi ilikuwa ikinunuliwa kwa fedha.”

Chumba hicho wenyewe hukiita chumba safi. Zamani kila nyumba ya mkulima mwenye uwezo ilikuwa nacho: chumba kinachoelekea barabarani, kisichopikiwa wala kulaliwa, kinachofunguliwa siku ya harusi, ya ubatizo, ya msiba, au mgeni wa heshima akija. Humo ndimo vilimokaa vyombo vilivyonitoa kwetu. Benchi refu lenye sanduku chini ya kikalio. Meza nene yenye mtoto wa meza mzito. Kabati dogo la kona la kuwekea Biblia na chupa ya pombe ya matunda. Rafu ya sahani, kitanda cha mtoto mchanga, ubao wa vigingi vya kutundikia nguo. Na sanduku la bibi harusi, ambalo ndilo mfalme wa chumba.

Erdővidék, yaani nchi ya misitu, ni eneo la mabonde na vilima katika mkoa wa Covasna, katikati ya Romania, ndani ya upinde wa milima ya Karpati. Nilipanda treni Bucharest hadi Brașov, mwendo wa karibu saa tatu, reli ikipenya kati ya milima, halafu nikachukua basi dogo la kuelekea Baraolt likipita mashamba ya viazi na marundo ya nyasi kavu. Wakazi wengi wa huku ni Wasekeli, watu wanaosema Kihungaria na walioishi hapa kwa karne nyingi. Mkataba wa Trianon wa 1920 uliiweka nchi yao ndani ya Romania, na ndiyo maana vibao vya barabarani hutaja kila kijiji kwa majina mawili. Kijiji kinachosifika kuliko vyote kwa samani za rangi ni Vârghiș, Vargyas kwa Kihungaria. Familia iliyonipokea haikai mbali na hapo, lakini wameniomba nisiandike jina lao wala la kijiji chao. Oda wanazo za kutosha, alisema baba, na mbao zilizokauka hazitoshi.

Karakana yao iko nyuma ya zizi la zamani. Mimi nimekulia Tanga, katika karakana ya baba yangu, na harufu ya ubao mpya hunituliza popote ninapoikuta. Baba wa nyumba hii ana miaka sitini na kitu, mikono mipana, maneno machache. Kijana wake wa kiume ndiye mwenzake katika kazi ya ubao. Mama na binti ndio wenye rangi. Binti amefanya kazi Ujerumani miaka kadhaa akarudi, na ndiye aliyekuwa mkalimani wetu.

Mti wao ni wa jamii ya msonobari, unaoota milimani, ndugu wa paini tunayoletewa kutoka Sao Hill. Wanaukata wakati wa baridi kali, wanaupasua, kisha mbao zinapangwa chini ya paa lisilo na kuta, vijiti vikitenganisha ubao na ubao ili upepo upite. Kanuni yao ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Tanuri la kukaushia lipo mjini, na kwa madirisha na milango wanalitumia. Mbao za sanduku hawazipeleki huko. Ubao uliokaushwa kwa pupa, kijana aliniambia, hungoja mpaka upakwe rangi ndipo upinde, na rangi ikishapasuka hakuna dawa.

Kona za sanduku hazina msumari. Kijana alichora meno kwenye ncha ya ubao kwa kisu, akayakata kwa msumeno mwembamba, akachimba nafasi zake kwa patasi kwenye ubao wa pili. Meno yenyewe yanapanuka kuelekea nchani, mkia wa mbayuwayu hasa, kwa hiyo yakishaingia hayavutiki tena kufuata urefu wa ubao hata ubao usinyae namna gani. Mara ya kwanza yaliingia nusu yakakwama. Akayatoa, akapitisha patasi mara mbili mahali ambapo jicho langu halikuona kasoro yoyote, akayarudisha, akagonga kwa nyundo ya mti. Mlio ulibadilika. Ulianza mwembamba, ukawa mzito, ukawa mfupi. Baba alikuwa ametupa mgongo, ananoa randa kwenye jiwe, akatamka neno moja bila kugeuka. “Amesema basi,” binti akanieleza. Mzee huyu hukagua kiungo kwa sikio. Baba yangu mimi alikuwa akikagua kwa ukucha, akiupitisha kwenye mshono kuona kama utanasa, na nilipomwonyesha mzee alijaribu mara moja, akafikiri, akarudi kwenye jiwe lake.

Jioni niliwatolea simu nikawaonyesha picha ya sanduku la bibi yangu: la Kizanzibari, la msaji, lililojaa misumari na mabamba ya shaba, na vitoto vitatu vya kuvuta kwa chini. Wote wanne wakainama juu ya simu. Baba aliuliza uzito. Kijana akataka kuona kufuli. Mama alitazama muda mrefu kuliko wote, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyelipaka rangi. Nikamweleza kwamba msaji una rangi yake na mafuta yake, mchwa hawaupendi, na pambo lake ni shaba.

“Mti tajiri,” akasema. “Wetu ni mti maskini.”

Jibu lile lilinifumbua macho. Mabwana wa zamani walitengenezewa samani za mwaloni na mjozi, zenye vipande vya miti ya rangi mbalimbali vilivyopachikwa ndani ya ubao. Mkulima hakuwa na fedha za kumlipa fundi wa namna hiyo. Alikuwa na msonobari: mwepesi, laini, wenye vifundo vinavyolia utomvu, na weupe unaomeza moshi na uchafu hata ukawa mweusi kabla mtoto hajakua. Rangi iliziba vinyweleo vya ubao, ikaficha vifundo, ikazuia unyevu. Na kama kupaka ni lazima, basi mkono hauwezi kujizuia, utaweka ua. Vitabu vingi vya watalii husema maua haya ni dalili ya watu wachangamfu. Sikubaliani navyo. Maua haya yalizaliwa na uhitaji, na ndani yake mna ushindani wa kimya na nyumba ya bwana mkubwa, kwa sababu majani yanayojipinda na fremu zilizochorwa kuzunguka kila paneli zinaiga kwa brashi kile ambacho tajiri alikatiwa kwa mjozi.

Rangi ya msingi mama huitengeneza mwenyewe. Huchukua jibini jeupe lisilo na mafuta, lile linalobaki maziwa yaliyoganda yakikamuliwa, akaliponda pamoja na chokaa iliyozimwa. Mara ya kwanza ni madonge tu. Baadaye madonge yanalegea yenyewe, yanageuka ute mzito unaovutika, na hapo ndipo hutia unga wa rangi: udongo mwekundu, udongo wa manjano, masizi, au buluu. Buluu ya Prussia iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, na kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko buluu ya mawe ya zamani, ilifika mpaka vijijini. Mchanganyiko hauwekeki. Ukilala, asubuhi unanuka. Lakini ukishakauka juu ya ubao, maji hayauondoi tena.

Kwa maua hapigi penseli. Hupima katikati ya paneli kwa uzi, huweka alama chache za chokaa mahali pa jagi na pa ua kubwa, basi. Nilikaa karibu kiasi cha kusikia brashi ikigusa ubao. Anaiweka chini na kuibonyeza ili manyoya yatanuke, anaivuta huku akiinyanyua, na petali inaisha kwa ncha kali. Ya pili inatoka upande wa pili ikiangaliana na ya kwanza. Ya tatu inasimama katikati. Tulipu imekwisha kabla sijavuta pumzi mara tatu. Hapo anaruka kwenda kwenye ua jekundu linalofuata, kwa sababu wekundu wote wa sanduku humalizwa kwanza, kisha majani, kisha mistari myeusi, na mwisho kabisa weupe: nyuzi nyembamba kando ya petali na vitone kwenye mashina. Kabla ya weupe, paneli ilionekana imelala. Ulipoingia, kila kitu kilisogea mbele. Binti, ambaye anapaka vizuri sana, bado haruhusiwi kutia weupe kwenye uso wa mbele wa sanduku. Anatia pembeni na kwenye benchi. Alilisema hilo bila kinyongo, kama mtu anayetaja mwendo wa saa, ingawa ana miaka thelathini na ushee.

Tulipu na komamanga zinazopakwa hapa si mimea ya milima hii. Kuanzia katikati ya karne ya 16 hadi mwisho wa karne ya 17 Transylvania ilikuwa na watawala wake wenyewe lakini chini ya mkono wa Waothomani, na pamoja na kodi zilizokwenda Istanbul kulikuwa na bidhaa zilizokuja: vitambaa, vyombo vya udongo, mazulia. Katika Kanisa Jeusi la Brașov bado yametundikwa mazulia ya Anatolia, mojawapo ya mikusanyo mikubwa kabisa Ulaya nje ya Uturuki. Fundi wa kijijini alilijua komamanga kwenye kitambaa, na inaelekea wengi walikufa bila kulionja. Mimi niliyekulia chini ya mkomamanga nilihitaji kuambiwa kwamba lile duara lenye taji juu yake ndilo.

Maseremala waliotengeneza masanduku ndio hao hao waliotengeneza dari za makanisa: mbao za mraba, kila mraba na mchoro wake, zikapangwa juu ya vichwa vya waumini. Tulikwenda kuona ile ya Inlăceni, Énlaka kwa Kihungaria, kijiji kilichoko upande wa Odorheiu Secuiesc. Watatari walilichoma kanisa hilo mwaka 1661, na dari mpya ikapakwa 1668 na György Musnai. Kanisa ni la Waunitaria, madhehebu yaliyotia mizizi Transylvania katika karne ya 16, na kwenye mraba mmoja Musnai ameandika kwa herufi za kale za Wahungaria kwamba Mungu ni mmoja, na jina lake mwenyewe pia. Maandishi hayo yaligunduliwa mwaka 1864 na Balázs Orbán, aliyeandika habari za nchi yote ya Wasekeli. Mama hakuyatazama sana. Alikuwa amenyoosha shingo kwenye mraba wa pembeni, kidole kikichora hewani, anajifunza jinsi Musnai alivyolipitisha jani nyuma ya shina. Magharibi zaidi, katika vijiji vya Kalotaszeg, Lőrinc Umling na wanawe walipaka dari za makanisa katika karne ya 18, baba na watoto wakirithishana brashi. Kwa hiyo familia ya mafundi wa rangi si jambo geni katika nchi hii.

Kanisani fundi aliandika jina lake. Kwenye sanduku jina ni la mwenye sanduku, au herufi za mwanzo za jina hilo, na mwaka ni wa harusi. Msichana alianza kujaza sanduku tangu akiwa mdogo, mashuka, foronya, vitambaa alivyofuma na kutarizi mwenyewe, na siku ya kwenda kwa mume lilipakiwa juu ya mkokoteni wa farasi pamoja na kitanda na mito, likapitishwa njia kuu polepole, majirani wakihesabu mito kwa macho. Ndiyo maana katika chumba safi kimoja utakuta miaka tofauti kwenye samani: ya bibi, ya mama, ya mkwe. Ukijua kusoma hiyo miaka unajua nani aliingia katika nyumba na lini.

Halafu ikaja samani ya kiwandani, ya kahawia inayong'aa, na kuwa na sanduku la maua likawa ni kubaki nyuma. Ikaja serikali ya kikomunisti, mashamba yakaingizwa katika ushirika kati ya 1949 na 1962, na fundi wa kujitegemea akawa mtu wa kutiliwa shaka. Babu wa watoto hawa alikuwa mchimbaji katika mgodi wa linyiti wa Căpeni. Randa aliishika usiku. Zikafuata kabati za ubao wa vumbi la mbao lililobandikwa, na masanduku ya zamani yakahamishiwa mabandani kuwekea pumba za mifugo, au yakauzwa kwa bei ya kutupa kwa wanunuzi waliopita na malori. Sanduku moja la familia hii lilirudi kutoka zizi la jirani likiwa na alama za meno ya farasi kwenye ukingo wa juu, mstari mzima. Mama amesafisha rangi, ameziba ufa, meno ameyaacha.

Mwaka 1972 mtafiti Károly Kós, mwana wa msanifu majengo maarufu wa jina hilo hilo, alichapisha kitabu kuhusu samani za rangi za Vargyas. Nakala yao iko karakanani, si kabatini, na kurasa zake zina alama za vidole vya buluu na vyekundu. Mzee alijifunzia humo michoro ambayo baba yake alikuwa ameanza kuisahau.

Nikiwa pale alikuja mnunuzi mwenye duka la vitu vya kale. Alitaka masanduku kadhaa kwa sharti moja: yazeeshwe. Yaani yapigwe kwa mnyororo, yatobolewe vitundu vya wadudu, rangi ikwanguliwe mahali ambapo mikono hushika, na mwaka uandikwe wa karne ya 19. Fedha aliyotaja ilikuwa nzuri kuliko wanayopata kwa kazi halali. Binti, ambaye ndiye anayelipa umeme na kodi za karakana, aligeuka kumtazama baba yake, na niliona kabisa kwamba yeye angekubali, au angalau angejadili. Mzee alisema atayatengeneza kwa mwaka huu, kila moja na jina la atakayelitumia. Mnunuzi akacheka, akapunguza sharti: basi mwaka uachwe, pasiandikwe kitu. Mama ndiye aliyejibu safari hii, kutoka kule alikokuwa anasaga chokaa, na alijibu kwa kirefu. Binti alinifupishia baada ya gari kuondoka. Alisema sanduku lisilo na mwaka litaandikiwa mwaka na mwongo wa kwanza ambaye litafika mikononi mwake.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kwa sababu kwetu pia nimeona masanduku mapya yakifukiwa mchangani ili yauzwe kama ya kale. Hoja ya binti si ya kudharau. Karakana haiendeshwi kwa heshima peke yake. Hata hivyo naamini mama yake ana haki. Thamani ya vyombo hivi haikutokana na uzee. Kile kitanda cha 1861 kilipotoka karakanani kilikuwa kipya, rangi yake inawaka, na aliyekiagiza alikitaka hivyo hivyo. Anayelizeesha sanduku anamnyang'anya mwenye kulinunua nafasi ya kulizeesha mwenyewe, kwa watoto wake kulipanda na kwa nguo zake kulikwaruza.

Wateja wa kweli wapo. Vijana wa Odorheiu na Cluj wanaooana, familia za Budapest, Wasekeli waliohamia Ujerumani wanaotaka kitanda cha mtoto. Wengine huagiza vitu ambavyo Musnai asingevitambua: kabati la kuficha jokofu, stendi ya televisheni, makabati ya jikoni kuanzia ukuta hadi ukuta. Mzee anayatengeneza yote kwa meno yale yale ya mbayuwayu, na mama anapaka maua yale yale. Nilipomuuliza kama haoni tabu kupaka tulipu kwenye mlango wa jokofu, alishangaa swali. Jokofu nalo linakaa ndani ya nyumba ya mtu.

Atakayependa kwenda asipate shida na viza: tangu 1 Januari 2025 Romania imo kikamilifu ndani ya eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha. Aanzie Sfântu Gheorghe, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Wasekeli, ambayo jengo lake lilisanifiwa na yule Károly Kós baba. Baada ya hapo asafiri hadi Vârghiș na vijiji vya jirani, na akiingia karakana yoyote aombe kufunguliwa watoto wa meza na kuzungushwa nyuma ya kabati, kwa sababu nyuma ndiko anakoonekana seremala. Asitegemee kukuta kitu kilicho tayari. Sanduku kubwa ni shida kulisafirisha. Kisanduku cha vito au kiti kidogo cha mtoto kinapakizika. Na jina analotaka liandikwe alipeleke mapema, kwenye karatasi, kwa herufi kubwa zinazosomeka. Kiswahili hawakijui, na mama haweki hata alama moja ya chokaa mpaka ajue herufi ni ngapi.